Bahasha Ikilala Kituoni

Wale ambao hamkufika Jumamosi mmenipigia simu mpaka betri ikaisha, mama tuandikie, mama tutumie, basi hii hapa yote, ile hotuba yangu ya ushahidi wa mtu aliyebakwa. Nimeiandika vile nilivyoongea, na pale nilipopotea njia nimeacha hivyohivyo. Zile picha za ukutani msiniulize, umeme ulienda kabla hata sijashika maiki.

* * *

Asanteni, asanteni, kaeni. Nyinyi wa juani sogeeni huku kwenye hema, nafasi ipo, msiogope kukaa karibu na afande, leo hajaja kukamata mtu.

Mzee chemani, pasta, shehe, mama zangu wa soko, wanangu wa boda, VHT wote, wahudumu wetu wa afya wa kijijini, afande na mwenzako wa kitengo cha watoto na familia, nawasalimu. Mimi mnanijua. Nimekuwa mkunga miaka 31 na wengine wenu hapa niliwapokea mkilia, leo mna ndevu. Nimeambiwa niongee nusu saa kuhusu ushahidi wa mtu aliyebakwa, unachukuliwaje, unapelekwa wapi, sheria inasemaje. Ni mazungumzo mazito na najua kuna watoto hapa mbele, lakini watoto waacheni wakae, manake wao ndio wanaonajisiwa zaidi ya sisi. Ripoti ya polisi ya Uganda nzima, mwaka nenda mwaka rudi, kesi za kunajisi watoto zinapita 12,000 kwa mwaka mmoja. Hizo ni zile zilizofika kituoni tu. Zile za kumalizana nyumbani kwa mbuzi mbili na kreti ya soda hazimo, na mnajua ninaongea nini, mbona mnaangalia chini?

Haya, nina swali. Nani hapa ana kavera, huu mfuko wa plastiki, kwenye kikapu au mfukoni? Inueni mikono. Ehe. Karibu wote, hata wewe chemani.

Sasa sikieni. Zamani kidogo, alfajiri, kabla hata muadhini hajaita, mama mmoja alinigongea mlango akiwa na binti yake wa miaka tisa. Jambo lilikuwa limetokea siku tatu nyuma. Yule mama kwa mapenzi yote ya mama alikuwa amemuogesha mtoto kwa maji ya moto na chumvi, mara mbili kwa siku, akampaka mafuta, akamsuka nywele. Na ile nguo ya ndani, kwa sababu mtu fulani alimwambia usifue hiyo ni ushahidi, akaiweka kwenye kavera, akafunga fundo, akaficha chini ya godoro. Siku tatu. Kwenye joto hili letu. Nilipofungua lile fundo, ukungu ulikuwa umeshaota, harufu ilitoka mpaka nikageuza uso.

Sikumgombeza. Ningemgombezaje? Alikuwa amefanya kila alichojua.

Lakini nataka mwelewe kilichoharibika pale. Ile DNA ambayo mnasikia kwenye redio, alama ya mwili inayotofautisha mtu na mtu, inakaa ndani ya mbegu za mwanaume, ndani ya mate, damu, ngozi kidogo iliyobaki chini ya kucha. Ikiwa kavu inavumilia, inaweza kukaa miaka na miaka. Ikiwa na unyevu ndani ya kavera, bakteria na ukungu wanaila kama vile panya anavyokula mahindi yako stooni. Kwa hiyo nguo inaanikwa kivulini ikauke, si juani, jua nalo linaharibu, halafu inafungwa kwenye karatasi. Bahasha ya kaki. Gazeti safi. Mfuko wa karatasi wa unga kama upo. Kila nguo peke yake, msichanganye gauni na shuka. Karatasi, mama zangu. Nasema tena, karatasi. Wewe wa boda unayebeba mgonjwa usiku, hapo nyuma unabeba kavera la nini? Weka bahasha mbili za kaki chini ya siti, bei yake haifiki hata ya kikombe cha chai.

Na kama ameshaoga? Bado aje. Kama nguo imeshafuliwa? Bado iletwe, wataalamu wamepima nguo zilizofuliwa na sabuni wakakuta DNA bado imo. Kama zimepita siku tano? Bado aje, kwa sababu kwanza huyu ni mgonjwa ndio baadaye awe kesi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inaanza ndani ya saa 72, hapo hakuna kusubiri kikao cha ukoo. Ya kuzuia mimba ni ndani ya siku tano, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mtu asiambiwe ati nenda polisi kwanza ulete fomu ndio utibiwe. Matibabu kwanza. Fomu itamkuta kitandani.

Fomu yenyewe ndio ile PF3A, ya polisi, ya kuandika alivyokutwa aliyebakwa akipimwa. Ni ya bure, hailipiwi, nasema bure na ninamwangalia afande machoni, anatabasamu, anajua. Zamani ilikuwa ya daktari wa polisi peke yake, na daktari wa polisi ungempata wapi? Siku hizi kliniko ofisa anaijaza, mkunga anaijaza. Nimejaza nyingi sana, nyingine mkono ukitetemeka.

Kwa nini fomu na bahasha ni muhimu hivyo? Kwa sababu kotini kesi ya kunajisi inauliza mambo matatu. Mtoto ana umri gani? Kitendo kilifanyika? Nani alifanya? Umri unaweza kuuonyesha kwa cheti cha kuzaliwa, kwa mama mwenyewe, hata kwa meno. Kitendo kuna mtoto mwenyewe anayesimulia, kuna fomu. Sasa ile ya tatu, nani, hapo ndipo watu wengi wanatokea mlangoni wakicheka. Na sheria yetu ya kesi za High Court inasema mtoto mdogo akitoa ushahidi bila kula kiapo, mtu hafungwi kwa maneno hayo peke yake, lazima kuwe na kitu kingine cha kuyashikilia. Kitu kingine ni nini? Mtoto wa miaka mitano alibeba shahidi? Kitu kingine ni ile bahasha.

Hapa niseme jambo kidogo la pembeni, mnisamehe, linanikera. Watu bado wanakuja kuniuliza, musawo, yaani daktari, angalia kama bikira ipo. Hata askari wengine wanauliza hivyo. Hakuna kipimo cha bikira, jameni! Ule utando unaweza kuwa mzima na mtoto amebakwa, unaweza kuwa umeachana na hajaguswa na mtu. WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018 yalisema upimaji huo ukome, na korti ya juu kabisa ya India mwaka 2022 ikapiga marufuku ile tabia ya daktari kuingiza vidole viwili ati anapima. Ukisoma kwenye fomu "hakuna jeraha" usikimbilie kusema amedanganya. Wengi hawana jeraha. Mwili wa mwanamke unapona haraka, na mwingine aliganda kwa hofu hakupigana.

Turudi.

Baada ya yule mtoto wa kavera nilianza kufundisha. Kanisani, msikitini, kwenye vikundi vya kuweka akiba, kila mahali naimba karatasi, karatasi, mpaka watu wakanipa jina, mama karatasi. Na watu walisikia! Miaka michache baadaye akaletwa binti wa miaka kumi na tatu, shangazi yake amefanya kila kitu sawa. Hakumuogesha. Alianika gauni kivulini, akafunga kwenye bahasha, akaja usiku uleule na boda. Nikachukua vipimo kwa vijiti vya pamba, nikavikausha, nikafunga bahasha, nikaandika jina, tarehe, saa, nikasaini juu ya mfuniko. Nikamkabidhi askari, akasaini. Nikasema moyoni, leo tumeshika mtu.

Kesi ikaja kuitwa High Court baada ya muda mrefu, nimeshasahau hata nilivaa nini. Wakili wa mshtakiwa, kijana mpole, ana adabu, akanisimamia. Mama mkunga, ulifunga bahasha lini? Jumanne. Maabara ya serikali kule Wandegeya, Kampala, walipokea lini? Akasoma mwenyewe kwenye karatasi: Ijumaa, wiki saba baadaye. Basi mama, hizo wiki saba bahasha ilikuwa kwa nani?

Kimya.

Ilikuwa kwa nani? Mimi sikujua. Askari aliyeipokea alikuwa amehamishwa wilaya nyingine. Daftari la stoo halikuonyesha. Baadaye ndio nikaambiwa na mtu aliyeiona, bahasha ilikuwa imelala chini ya meza pamoja na madumu ya pombe ya waragi ya kesi nyingine na tairi la pikipiki, ikisubiri mafuta ya gari la kwenda Kampala. Kituo sitakitaja, hakina maana, vingekuwa vingi. Kutoka hapa mpaka Wandegeya ni kama kilomita 200, basi la asubuhi linafika kabla ya chakula cha mchana, na bahasha ilichukua wiki saba.

Majibu ya DNA yalikuwepo, yalimtaja yule mtu. Lakini jaji hakuyapa uzito, kwa sababu nani anaweza kuapa hakuna aliyeifungua katikati? Yule mtu akatoka. Na yule shangazi pale nje ya korti, chini ya mwembe, hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mama, si ulisema tukitumia karatasi?"

Hilo swali nimelibeba mpaka leo, na ndio limenileta mbele yenu. Sisi wa kijijini tukifundishwa tunafanya. Tunaanika, tunafunga, tunaleta. Halafu? Nani anaambiwa na sheria kwamba wewe sasa ni zamu yako, na una siku ngapi?

Msidhani ni mambo ya Afrika, ati huko kwa wenzetu wanapima kila kitu kama kwenye sinema. Ngoja niwapeleke Marekani kidogo, mji unaitwa Detroit, mji uliokuwa unatengeneza magari ya dunia nzima. Mwaka 2009 mtu mmoja wa ofisi ya mwendesha mashtaka alikwenda kutembelea ghala ambalo polisi walikuwa wanaweka vitu. Akaona rafu zimejaa maboksi mpaka juu. Akauliza, haya ni ya nini? Maboksi ya ushahidi wa kubakwa. Kila boksi ni mwanamke mmoja aliyekubali kulala kwenye kitanda cha hospitali, kupimwa kila sehemu ya mwili masaa kadhaa, kuchukuliwa nywele, kupigwa picha, akaambiwa asante tutakujulisha. Walihesabu. Yalikuwa 11,341. Mengine yalikuwa yamekaa tangu miaka ya 1980. Yamekaa tu.

Elfu kumi na moja! Mkikaa kwenye uwanja wa mpira pale hamtoshi.

Yule mwendesha mashtaka mkuu wa pale, mwanamke anaitwa Kym Worthy, mwenyewe alishawahi kubakwa akiwa mwanafunzi wa sheria na hakuripoti, amesema hadharani. Hilo jambo halikumwacha alale. Pesa hazikuwepo, mji ulikuwa unaelekea kufilisika na mwaka 2013 ukafilisika kweli, kupima boksi moja ni zaidi ya dola elfu moja, akaenda kuomba kwa serikali, kwa matajiri, kwa wananchi wa kawaida, mpaka maboksi yakapimwa. Unajua walikuta nini ndani? Majina yanajirudia. Mtu yuleyule, boksi la mwaka huu, boksi la mwaka ule, boksi la mji mwingine. Walipata watu zaidi ya 800 wanaoonekana kubaka zaidi ya mara moja. Sasa piga hesabu. Boksi la kwanza lingepimwa, yule wa pili angebakwa? Wa tatu? Wa nne?

Na kwa nini hayakupimwa? Pesa, ndio, lakini si pesa peke yake. Watafiti walisoma mafaili ya polisi wakakuta askari ameandika huyu anadanganya, huyu ni malaya, huyu hana ushirikiano. Wanawake wengi walikuwa weusi na maskini. Mtu aliamua kwa kuangalia uso wako kama boksi lako linastahili safari. Nawauliza, hapa kwetu hatuamui hivyohivyo? Binti wa baa akija na bahasha yake na binti wa pasta akija na ya kwake, samahani pasta, ipi inapanda basi kesho?

Basi baada ya aibu hiyo jimbo la Michigan, ndimo Detroit ilimo, likatunga sheria mwaka 2014. Nimeisoma, nimesaidiwa na mtoto wa dada yangu ambaye yuko chuo. Ni sheria fupi. Haina maneno ya kutisha, haisemi kunyonga mtu. Inasema hivi: mwanamke akikubali, hospitali imwambie polisi ndani ya saa 24. Polisi wakachukue boksi ndani ya siku 14. Wakishalichukua walipeleke maabara ndani ya siku 14. Maabara ipime ndani ya siku 90. Basi. Saa 24, siku 14, siku 14, siku 90. Mtoto wa P4, darasa la nne, anaweza kuikariri.

Na humo wameweka kitu cha akili sana. Polisi wakichelewa, mshtakiwa hana ruhusa ya kusimama aseme ati kwa vile mlichelewa basi niachieni. Lakini wameacha pia tundu, na lazima niwaambie ukweli kwa sababu sitaki mwende mkidhani huko ni peponi: zile siku 90 za maabara, sheria inasema kama kuna wafanyakazi na vifaa vya kutosha. Kama. Hilo neno kama tunalijua, tumelelewa nalo.

Kisa kingine kifupi. Binti anaitwa Amanda Nguyen, alikuwa anasoma chuo kikuu cha Harvard, akabakwa mwaka 2013. Akapimwa, boksi likafungwa vizuri. Halafu akagundua kwamba katika jimbo lile la Massachusetts, ilipo Harvard, kama hataki kushtaki mara moja, boksi linatupwa baada ya miezi sita, isipokuwa aombe liendelee kukaa. Kila miezi sita! Yaani kila ukijaribu kusahau unakumbushwa uende ukaombe ushahidi wako usichomwe. Alikataa. Akakusanya vijana wenzake, wakaandika mswada, na Oktoba 2016 Rais Obama akaweka saini. Kwa kesi za serikali ya taifa kule, mtu ana haki boksi lihifadhiwe bure mpaka muda wa kushtaki uishe au miaka 20, ana haki ya kuambiwa majibu, na kama wanataka kulitupa, akishaomba kwa maandishi wanamwambia siku 60 kabla. Na mwaka 2025 huyohuyo binti akapanda roketi akaenda juu angani, mambo mengine haya ya Marekani mimi naangalia tu.

Nimependa hapo kwenye kuambiwa majibu. Sisi tunadhani bahasha ikishaondoka ni mali ya serikali. Ni mwili wa mtu ule! Ni mate yake na damu yake. Na hili lina upande wa pili, kwa sababu kule San Francisco mwaka 2022 iligundulika polisi wamechukua DNA ya mwanamke, ile aliyoitoa alipobakwa miaka ya nyuma, wakaitumia kumkamata yeye mwenyewe kwa kosa la wizi. Mnaelewa? Amekuja kama aliyeumizwa, wamemweka kwenye orodha ya washukiwa. Kesi ikafutwa na mwaka uleule jimbo la California likatunga sheria ya kukataza. Kwa hiyo sheria ya kupeleka haraka peke yake haitoshi, lazima iseme pia DNA ya aliyebakwa ni kwa kesi hiyo tu, ikaishie hapo. La sivyo nani ataleta bahasha?

Sasa turudi Uganda, kwetu.

Sisi adhabu tunazo. Oh, adhabu tunazo! Penal Code yetu inasema kubaka, unaweza kuhukumiwa kifo. Kumnajisi mtoto chini ya miaka kumi na nne, au ukiwa mzazi wake, au una virusi, au mtoto ni mlemavu, unaweza kuhukumiwa kifo. Tumeandika kifo. Lakini siku ambayo bahasha inatakiwa kuondoka chini ya ile meza, humo kwenye Penal Code hamna. Tumeandika mwisho wa safari, hatukuandika hata stendi moja ya katikati. Na mtu anayebaka haogopi kamba iliyoko mbali hivyo, anaogopa mkunga mwenye bahasha na askari mwenye tarehe, kama angejua wapo.

Mwaka 2021 mwezi wa tano Bunge lilipitisha mswada wa makosa ya kujamiiana, watu wakashangilia, na Rais hakuusaini, aliurudisha. Sitaingia siasa, nimestaafu na pensheni yangu naipenda. Ninachosema ni kwamba siku ule mswada au mwingine utakaporudi, watu watagombana tena kuhusu adhabu, na mimi nataka mtu mmoja tu asimame aulize habari za tarehe. Hata wenzetu hapa ng'ambo ya geti la mpaka, Kenya, tangu 2006 wana sheria yao ya makosa haya, iliyoletwa bungeni na mama Njoki Ndung'u, inayompa jaji nguvu ya kuagiza mshtakiwa atolewe vipimo. Hatua chache tu kutoka hapa, mtoto akinajisiwa upande ule anajaziwa fomu nyingine, inaitwa PRC, ya huduma baada ya kubakwa. Na wenzangu wa upande ule wanalalamika bahasha zao pia zinalala, msicheke, mpaka hauzuii uvivu.

Kabla sijamaliza, kijana yule wa shati nyekundu aliniuliza asubuhi, je DNA si ndio kila kitu? Hapana mwanangu. DNA inasema nani, haisemi kama mwanamke alikubali. Mtu mzima akisema ndio nililala naye lakini alitaka, DNA hapo imenyamaza, hapo tunahitaji jeraha kama lipo, simu, majirani, maneno yake mwenyewe aliyomwambia mtu wa kwanza. Ila kwa mtoto hakuna habari ya kukubali, chini ya miaka kumi na nane sheria haiulizi alikubali. Na binti akipata mimba, mtoto akizaliwa anaweza kupimwa, hiyo bahasha inatembea kwa miguu yake. Nimeona baba mkwe akikana mpaka anaapa kwa Biblia, majibu yakaja.

Sasa ninataka nini kwenu leo?

Sijaja na mswada. Hata bila Bunge kuna vitu. Kwenye kliniki zetu kuwe na daftari moja la bahasha tu: nimekabidhi nani, namba yake ya simu, saa ngapi. Nilikuwa nalo langu baada ya ile kesi, lina kurasa 96 na liko hapa mkononi, tazameni, lile la wiki saba ndio lilinifundisha. Askari akipokea anaandika namba ya kesi hapohapo, familia inapewa namba hiyo kwenye karatasi, si kwa mdomo. Na familia isiombwe mafuta. Nimeona baba ameuza kuku wote wa nyumbani kwa mafuta ya gari la polisi na bado gari halikwenda. Afande, usininunie, najua hayo mafuta nawe huletewi, na ndio maana nataka twende pamoja kwa mkuu wa wilaya tukaulize kwa nini bahasha za wiki nzima za vituo vyote haziwezi kupanda gari moja kila Ijumaa. Ni gari moja! Bahasha si ng'ombe.

Mheshimiwa mbunge wetu hayupo, ametuma salamu na sukari. Sukari tumepokea. Nimemwandikia barua, ina mistari minne, ni zile namba nilizowaambia, saa 24, siku 14, siku 14, siku 90, na chini nimeandika lile neno "kama" halafu nimelipiga mstari likatwe. Anayetaka kusaini karatasi iko kwa pasta, asiyejua kuandika dole gumba linatosha, wino upo.

Yule shangazi yuko hapa leo, ameniruhusu niseme hivyo lakini msigeuke kumtafuta, nawaomba. Yule binti sasa ni fundi cherehani, ana wateja.

Na Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa pale kituoni na hili daftari. Nitamuomba afande anifungulie stoo, tuhesabu bahasha zilizopo, moja moja, na ya zamani kabisa ina tarehe gani. Amekubali, mmemwona ametikisa kichwa, mashahidi nyinyi wote. Wanaotaka kuja tukutane kwenye duka la simu pale stendi, na tafadhali, mtu asije na kavera.